Msumari Usio na Mkuki

Zawadi, mwanangu, wewe uliyepokea funguo zangu: ukiingia chumba cha silaha cha makumbusho yetu, ukuta wa kushoto, katikati ya mikuki, utaona msumari mmoja mkubwa hauna kitu. Usiutundikie kalenda. Nakujua, unapenda kalenda. Siku ya makabidhiano uliniuliza mkuki wa pale umekwenda wapi, nikakujibu kwamba nitakuandikia, kwa kuwa wageni walikuwa wanasubiri pilau nami sikutaka kulia mbele ya pilau. Sasa nimekaa nyumbani Bashay, mahindi nimeshapalilia, ng'ombe ameshakamuliwa, sina udhuru tena. Nitaanzia mbali kidogo, maana mkuki ule haueleweki bila watu wake.

Mimi ni mtoto wa hapahapa Bashay, Mwiraqw, na habari za vita nilianza kuzisikia kabla sijajua kusoma. Bibi yangu alisimulia alichosimuliwa na mama yake. Zamani hizo, kabla Wajerumani hawajafika, wazee wetu walichimba nyumba ubavuni mwa kilima, paa likalingana na ardhi, juu wakafunika udongo mpaka nyasi zikaota. Watu na ng'ombe humohumo. Wavamizi wa Kimasai wakija kutafuta ng'ombe, waliweza kupita juu ya kichwa chako wasikuone. Lakini nao hawakuwa wajinga. Walitembea wakichoma ardhi kwa mkia wa mkuki, kile chuma kirefu cha upande wa nyuma, wakitafuta mahali palipo na uwazi chini. Mama yake bibi, akiwa msichana, alikaa gizani ameziba mdomo wa ndama kwa mikono, akaona chuma kinatoboa paa, kinashuka karibu na bega la mama yake, kinasimama, kinarudi juu. Pale kilipotoka pakaingia mwanga mwembamba. Kwa nini wale watu hawakuchimba, hakuna anayejua. Labda walidhani ni shimo la muhanga. Walipita. Bibi akifika hapo alikuwa anasema, "Udongo ulituficha." Kwamba na sisi tulikwenda kuchukua ng'ombe wa watu, hilo bibi hakulisimulia. Nililisikia kazini, kwa majirani zetu.

Siku yangu ya kwanza kazini, mkubwa wangu alinitazama, akatazama mlango nyuma yangu, akauliza kama kuna mwanamume anakuja. Nikamwambia nimekuja mwenyewe. Akanipa ufagio. Chumba kile kilikuwa stoo ya mbolea, na harufu yake ilibaki miaka mingi. Mpaka leo nikisikia harufu ya mbolea ya chumvichumvi nakumbuka ngao. Mikuki ilikuwa imefungwa kwa kamba mafungu mafungu, kama kuni za kuuzwa barabarani. Ngao za ngozi ya nyati zimelazwa moja juu ya nyingine, za chini zimeshaanza kuliwa na wadudu. Podo za mishale zilining'inia dirishani, jua linazipiga asubuhi mpaka jioni. Nilianza na ufagio kweli, kwa sababu palihitaji ufagio.

Hapa nikuambie jambo la kazi moja kwa moja. Mishale usiishike kwa mkono mtupu. Wazee walipaka sumu ya miti, wakakizungushia kichwa cha mshale ukanda wa ngozi laini ili isikauke na isimkwaruze mwenyewe. Mwenye podo alikufa zamani, sumu sijui kama ilikufa. Mimi sikuijaribu, na wewe usiijaribu. Halafu kwenye vibao usiandike "Mang'ati." Ni neno la Kimasai, maana yake adui, na huwezi kumwalika mtu kwenye maonyesho yako kwa jina hilo. Andika Wadatoga. Watakuja wenyewe kusoma.

Nilimjua Mzee Gidashang kwa sababu mikuki yetu ilikuwa imelegea. Mkuki wa hapa una sehemu tatu: jani la mbele, mti mfupi wa kushikia katikati, na mkia wa chuma nyuma. Mti ukikauka, chuma kinacheza. Nilielekezwa kwa mhunzi wa Kidatoga, ambaye boma lake lilikuwa chini ya mlima Hanang, kando ya korongo. Nilimkuta anafua jani la mkuki kutoka springi ya lori. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia marahaba bila kuinua macho, akapiga nyundo mpaka chuma kikapoa, ndipo akaniuliza nimetumwa na mume gani. Nikasema nimetumwa na mkubwa wa kazi. Akacheka, akamwita mkewe aje aone mwanamke aliyeajiriwa kulinda mikuki.

Mkewe aliitwa Udameda. Alikuwa mwanamke mrefu, amevaa sketi ya ngozi ya zamani, ile yenye nyuzi nyingi za ngozi zinazocheza akitembea, na bangili za shaba mpaka karibu na kiwiko. Ndiye aliyesukuma mivukuto. Mumewe alifua, yeye alipuliza moto, na kwa kuwa aliuona moto kuliko mtu aliyekikodolea chuma, yeye ndiye aliyesema "sasa" na "bado." Wahunzi kwao ni ukoo wa pembeni. Mikuki yao inatakiwa na kila mtu, lakini binti hawapewi, na binti zao hawaolewi nje. Udameda alizaliwa kwa mhunzi, akaolewa na mhunzi. Aliniambia, "Sisi tunaoana wenyewe kama vyungu vya nyumba moja. Tunagongana humohumo." Tulicheka. Mimi nilikuwa nimeolewa na mwalimu wa hesabu, nilielewa habari ya kugongana.

Kwao nilijifunza kazi. Mzee Gidashang hakunifundisha vita kwanza, alinifundisha adabu ya mkuki. Mwanamume anayefika kwa mtu haingii nao ndani. Anausimamisha nje ya mlango, mkia chini, jani juu. "Mkia ukigonga ardhi, ni hodi," alisema. "Mwenye nyumba anasikia humo ndani. Anajua mtu amekuja, na moyo wake umetulia. Ukimwonyesha jani, hiyo si hodi." Nilimuuliza juu ya vita vya babu zake, akanieleza kwamba mkuki ulikuwa wa simba na wa mtu wa nje. Wenyewe kwa wenyewe walipigana kwa fimbo, ngao ndogo mkono wa kushoto, na aliyechukua chuma kumpiga ndugu yake alikuwa ameharibu jambo ambalo halitengenezeki kwa ng'ombe wowote. Babu yake aliwafulia watu mikuki ya majani mafupi, mapana, halafu mapigano na Wamasai yalipozidi, wakaanza kutaka majani marefu na mikia mirefu. Ndivyo ninavyoujua umri wa mkuki nikiushika, na ndivyo nitakavyokufundisha ukija kunitembelea. Njoo na sukari.

Mkia ulikuwa na kazi nyingine. Usiku wa safari ya vita, au kwenye tope la kando ya ziwa, mtu alitangulia akipima ardhi kwa mkia. Wachungaji wa Getanuwas bado wanapima hivyo mchanga wa korongo kavu kutafuta maji. Mzee alisema mkia una masikio, nikamwambia chuma hakina masikio, akaniona mbishi. Siku moja akafukia vitu uani, kimya kimya: jiwe, kipande cha gogo, bati, ngozi ya ndama iliyokunjwa. Akanipa mkuki, akanifungia jani kwa kitambaa nisijitoboe uso, akasema nimwambie kipi kiko wapi. Nikachoma uwanja mzima kama mtu anayepanda maharage. Sikupata hata kimoja. Jiwe niliita gogo, ngozi niliita udongo.

Udameda aliacha mivukuto, akaja nyuma yangu, akaweka mikono yake juu ya yangu. Mikono yake ilinuka moshi na samli. "Umebana," alisema. "Ukibana, unasikia mkono wako mwenyewe. Shika kama unashika mkono wa mgonjwa. Fumba macho." Nikafumba. Akausukuma mkia polepole. "Jiwe linakupiga. Gogo linakukamata. Bati linalia. Sasa hapa, sikia." Mkuki ulizama, ukagusa kitu, na kitu kile kikausukuma mkono wangu kurudi juu, taratibu, kama pumzi. "Hiyo ni ngozi," alisema. "Ngozi inarudisha mkono. Hata ikifa inarudisha." Tangu siku ile sikukosea tena, na Mzee Gidashang alinuna kidogo kwamba mkewe amefundisha kwa mara moja kilichomshinda yeye.

Miaka ilikwenda. Sitakuchosha na vyeo. Nakumbuka zaidi ngao ya Getanuwas, ambayo mwenye nyumba alikuwa akiitumia kufunikia pipa la maji, na nilikaa kwake siku nzima nikimwomba, akakubali pale tu nilipomletea kifuniko kingine. Nakumbuka mkulima wa Gitting aliyekuwa akitobolea mashimo ya viazi kwa jani la mkuki wa karne ya kumi na tisa. Nilipomwambia ni silaha ya vita, alisema, "Na vita imeisha mama, na viazi havijaisha." Nikamwacha nao msimu mmoja, akamaliza kupanda, akauleta mwenyewe umefungwa kwenye gazeti. Nakumbuka wanafunzi wanaouliza swali lilelile kila mwaka: huu uliua wangapi? Nilikuwa nawajibu kwamba sijui, na kwamba waulize ulimtia hofu mtoto gani aliyekuwa amekaa gizani na ndama. Wengine walielewa.

Kila mwaka kabla ya mvua, Mzee Gidashang na Udameda walikuja kukaza mikuki. Mzee alikaza vyuma, Udameda alizipaka ngao mafuta ya ng'ombe kwa kiganja, kidogo sana, akisema ngozi kavu inalalamika. Watu wa mjini waliniita Mama Mikuki, yeye aliniita mdogo wangu. Mume wangu alipofariki, Udameda alikuja Bashay kwa miguu na mabasi, akakaa nyumbani kwangu mpaka nilipoanza kula. Hakusema maneno mengi. Alikuwa anakoka moto asubuhi, basi. Nilikuwa na dada wa kuzaliwa nao wawili, na hakuna aliyenikokea moto hivyo.

Sasa nifike kwenye msumari.

Mwaka ule mvua zilinyesha kupita kiasi, na asubuhi moja mlima Hanang ulishusha tope. Wewe hukuwepo huku, uliona kwenye simu. Sitaeleza yote, wenyeji wamechoka kuelezwa. Maji, mawe, magogo na udongo vilikuja pamoja, na palipokuwa na nyumba pakawa tambarare. Nilipofika mjini watu walikuwa wanatembea wamejaa tope mpaka kifuani, wanaita majina. Hakuna sauti niliyowahi kusikia kama ile, majina ya watu yanaitwa juu ya udongo.

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa chumba chetu, ambacho kiko juu kidogo na hakikuguswa, nikamwona Mzee Gidashang anakuja. Hakuwa na viatu. Nikamwamkia, kinywa kiliamkia chenyewe. Hakuitikia, na kwa mtu wa rika lake hilo peke yake lilinitosha kujua.

"Udameda," alisema. "Alirudi kwa ndama. Mimi nilikuwa juu kwa kaka. Boma halipo."

Nikamshika mkono. Akautoa, si kwa hasira.

"Nipe mikuki, mama. Yenye mikia mirefu. Watu wanachoma kwa fito, fito zinakatika. Mashine hazifiki kule kwenye korongo, na mimi sitaki chuma kikubwa kimkute mke wangu. Nipe ile niliyoikaza mwenyewe."

Kanuni ya chumba unaijua, nimekufundisha mwenyewe: kitu hakitoki bila barua. Nikafungua kufuli. Mlinzi wetu, kijana mwema aliyehofia kibarua chake, aliniuliza, "Mama, tutasema imekwenda wapi?" Nikamjibu, "Sema imekwenda kazini." Tukaishusha ukutani mmoja mmoja. Mzee aliunusa mti, akaukung'uta mkia, akachagua. Nilichana mapazia ya dirisha, tukayafunga majani yote yasije yakawakata wanaochoma. Nilipomaliza, mikuki ile ilikuwa imefungwa vitambaa vyeupe vichwani, kama wagonjwa.

Tulitoka na kundi la ndugu na majirani, Wadatoga, Wairaqw, mwalimu mmoja wa Kisukuma, na nesi mmoja Mwislamu kutoka Kondoa ambaye aliswali pembeni kisha akaja kuchukua mkuki. Tulijipanga mstari. Mzee aliwaonyesha: mkia chini, polepole, usibane. Nimetumia maisha yangu yote kueleza jinsi watu wa kale walivyojipanga mstari na mikuki yao, ngao kwa ngao, na sikuwahi kufikiri nitasimama ndani ya mstari wenyewe. Hakukuwa na adui. Kila hatua unachoma, unasikiliza, unachomoa. Bati lililia, tukachimba, lilikuwa paa tu. Gogo lilikamata. Godoro lilimeza mkia, na mwenye godoro akakaa chini akalikumbatia.

Siku ya kwanza tuliwapata watu, lakini si yeye. Kila tulipompata mtu, Mzee alikwenda kutazama uso, akarudi mstarini. Siku iliyofuata ilikuwa hivyohivyo. Siku ya tatu alianza kubaki nyuma ya mstari. Alichoma, akachoma tena palepale, akasimama. Mikono ile iliyofua chuma tangu ujana ilikuwa imekataa.

"Sisikii," alisema. "Nasikia mikono yangu mwenyewe."

Akaniletea mkuki wake. Ulikuwa ule mrefu wa katikati ya ukuta, kazi ya babu yake. "Alikufundisha wewe," alisema. "Mimi nilishindwa kukufundisha, alikufundisha yeye. Chukua."

Nilifumba macho. Nilisogea karibu na mti wa mgunga uliokuwa kando ya zizi lao la ndama, ulikuwa umelala sasa, mizizi juu. Nilichoma nikimfikiria mama yake bibi, aliyeona chuma kinashuka kutoka juu, akaomba Mungu kisimfikie mtu. Mimi nilikuwa juu, chuma kiko mikononi mwangu, naomba kimfikie. Jiwe likanipiga. Jiwe tena. Halafu mkia ukazama, ukafika mahali, na kitu kikausukuma mkono wangu kurudi juu, taratibu.

Nilibaki nimeshika mkuki vilevile, kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa, na machozi yananitoka na tope. Mzee alikuja akasimama karibu yangu.

"Ngozi?" aliuliza.

"Ngozi," nilisema.

Walichimba kwa mikono. Alikuwa amevaa sketi yake, nyuzi zote zimelala upande mmoja, na bangili zake mkononi, na mkono mmoja umeshika shingo ya ndama. Nilimnawisha uso kwa maji ya chupa. Nilikuwa nimelia kabla, nilipomnawisha sikulia. Nililia tena baadaye, kwenye gari, na kwa kweli sijaacha.

Walimzika juu kwenye kigongo kikavu, alikoishi shemeji yake, yule kaka wa Mzee, na pale Mzee Gidashang alipokuwa ameanza kujenga kibanda. Baada ya udongo kurudishwa, alichukua ule mkuki, akafungua kitambaa cheupe kwenye jani, akausimamisha upande wa kichwa cha Udameda, mkia chini. Mzee mmoja wa ukoo alinong'ona, halafu akasema kwa sauti kwamba mkuki hausimamishwi kwa mwanamke.

"Kwa vita, hausimamishwi," Mzee Gidashang alisema. "Huu umebisha hodi, naye ameitikia. Nani anabisha hodi, halafu anaondoka?"

Akanitazama mimi, kwa sababu mkuki ulikuwa mali ya chumba na mimi ndiye mwenye ufunguo. Nikatikisa kichwa kukubali. Mikuki mingine yote niliirudisha, nikaiosha kwa maji safi bila sabuni, nikaikausha kivulini, nikaipaka mafuta, kama nilivyokuonyesha. Wa katikati haukurudi. Nilikwenda kwa mkubwa wa kazi wa wakati ule kumweleza, nimejiandaa kwa lolote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimekula. Ndiyo maana msumari uko wazi na mtu hajakuuliza.

Wiki mbili kabla ya kustaafu nilikwenda kumuaga Mzee Gidashang. Uhunzi ameuacha. Mivukuto imetundikwa, panya wameshaitoboa, naye hataki mtu mwingine aishike. Tulikunywa chai, akaniuliza habari za Bashay, nikamuuliza miguu yake, halafu tukatembea mpaka pale. Mkuki ulikuwa umesimama vilevile. Lakini mvua na jua vilikuwa vimeufanyia kazi: jani jekundu kwa kutu, mti umepasuka, na mkiani, pale chuma kinapoingia ardhini, kutu imekula sana, ungeutikisa kwa nguvu ungekatika.

Zawadi, nimepigana na kutu maisha yangu yote ya kazi. Mikono yangu haikuniuliza. Ilifungua mkoba, ikatoa kitambaa na kichupa cha mafuta ninachotembea nacho, nikapiga goti nianze kufuta.

Mzee akanigusa bega.

"Uache," alisema. "Uache uliwe. Na yeye analiwa. Watafika pamoja."

Nikabaki nimepiga goti hapo, kitambaa mkononi. Halafu nikafunga kichupa.

Basi msumari ule uuache kama ulivyo. Mingine yote ipake mafuta kabla ya mvua, kidogo sana, kwa kiganja na si kwa brashi. Na siku ukipita kule juu kwenye kigongo, ukauona mkuki umesimama peke yake, ama ukaukuta umeshaanguka, mwamkie aliye hapo, umwambie umetoka kwangu. Usiupake chochote.